Jina Alilotaja Ezati

Kichwani mwa kitanda palining'inia koleo la kukatia waya, limefungwa kwa bendeji kwenye chuma ili mtu asiliazime. Inspekta Driwaru aliliona hilo kabla hajamtazama mgonjwa.

"Hii ni ya nini?"

"Akitapika," Patience alijibu. "Nimemfunga taya kwa waya, ya juu na ya chini pamoja. Akitapika hawezi kufungua mdomo. Nesi lazima akate hapo hapo, hakuna muda wa kutafuta koleo."

Patience alikuwa afisa wa meno wa hospitali kubwa ya Arua, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Jumatatu mchana ndiye aliyempokea Ezati, mkulima wa Midia, nje ya mji wa Koboko, taya imevunjika mahali pawili na mdomo wa juu umechanika hadi chini ya pua. Leo ilikuwa Alhamisi. Kwenye faili la Driwaru kesi ilikuwa imekwisha zamani. Aliyepigwa alimtaja aliyempiga: Lionel, Mkongomani mwenye kibanda cha vyakula sokoni. Lionel alikamatwa siku ile ile, kibanda chake kikavunjwa kesho yake, na saa nane mchana huu angefikishwa mahakamani Koboko. Watu wa soko walikuwa wameshaanza kusema Wakongomani wote warudi kwao.

Driwaru, mzaliwa wa Adumi mwenye miaka kumi na saba kwenye upelelezi, alikuwa ametumwa kuchukua fomu ya daktari tu. Hata hivyo alivuta kiti akakaa.

"Aliletwa vipi?"

"Dereva wa lori la mbao alimkuta ameketi kando ya barabara, ameegemezwa kwenye mti. Akamfikisha Koboko, wakamleta huku kwa ambulensi. Alikuwa na kitambaa kichwani na pakiti ya maziwa mkononi."

"Maziwa?"

"Meno yake mawili ya mbele yalikuwa ndani." Patience aliinua kidogo mdomo wa juu wa mgonjwa kwa kidole chenye glavu. Meno mawili yalionekana, yameshikizwa kwa jirani zao kwa waya mwembamba. "Nimeyarudisha. Jino likitoka lote, mzizi wake iko na ngozi nyembamba. Ikikauka inakufa. Ukiosha kwa maji ya bomba inakufa. Ndani ya maziwa inaishi saa kadhaa."

"Na kila mtu anajua hivyo?"

"Mimi nafundisha wauguzi kila mwaka. Nusu wanasahau."

Driwaru alifungua faili. Kazi ya Lionel ilikuwa imeandikwa wazi: anauza sukari, sabuni, maziwa.

"Mshitakiwa anauza maziwa," alisema.

"Kuuza ni kuuza, siyo kujua. Angalia na kitambaa." Patience alifungua picha kwenye simu yake, akamwonyesha. "Kimepita chini ya kidevu kikapanda utosini. Kingine kimeenda nyuma ya shingo. Mutu wa kawaida anafunga mahali panatoka damu. Huyu alifunga mahali pamevunjika."

Ezati alikuwa amefumbua macho. Uso wake ulikuwa umevimba, na mdomo wa juu, wenye nyuzi tisa, ulikuwa umejaa kiasi kwamba haukuweza kugusana na wa chini. Hakujua kusoma wala kuandika. Hilo nalo lilikuwa kwenye faili.

"Mzee Ezati," Driwaru alisema, "mimi polisi, kutoka hapa Arua. Nataka unisaidie kitu kidogo. Sema 'kuku'."

"Kuku," Ezati alisema kati ya meno yaliyofungwa. Ilitoka vizuri.

"Sema 'maji'."

Ikatoka pumzi ya puani, kisha "aji".

"Sema 'baba'."

"Aa-a." Machozi yalimtoka kwa maumivu.

"Midomo haikutani," Patience alisema. "M, b, p, haziwezi kutoka. Na siku ya Jumatatu hakuwa hata na meno ya mbele. S yenyewe ingetoka upepo tu."

Driwaru alitoka hadi kwenye varanda, akampigia konstebo aliyechukua maelezo ya kwanza kule Koboko. Jina lake Enoch, mwaka wake wa kwanza kazini.

"Enoch, wakati ulimuuliza Ezati nani alimpiga, alisema nini? Maneno yake, si yako."

"Alisema Lionel, Afande."

"Alisema Lionel, ama alisema kitu kama Lionel?"

Huko Koboko watu walimwita yule Mkongomani Laioneli, kwa namna ya Kiingereza.

"Alisema 'ai-on', Afande. Mara mbili. Damu ilikuwa mingi. Mimi nilijua ni Laioneli, sababu wiki ile ingine walitukanana sokoni, mambo ya kibanda kufunga njia. Nikamuliza, ni Laioneli? Akatikisa kichwa."

"Chini na juu, ama huku na huku?"

"Kichwa ilikuwa imefungwa, Afande. Ilitikisika tu."

Driwaru alirudi ndani na karatasi. Alikuwa ameandika majina kumi, kwa herufi kubwa, bila mpangilio; mawili yalikuwa na 'ai-on' ndani yake.

"Mzee, mimi nasoma majina. Usiseme kitu. Ukisikia jina la mutu alikupiga, inua kidole. Kama hayuko, acha kidole ilale."

Alisoma kwa sauti moja, kama mtu anayeita mahudhurio. Albert. Sunday. Laioneli. Kidole hakikutikisika. Constantino. Loku. Saimoni.

Kidole kiliinuka, kikabaki juu. Nyuma ya Driwaru sinia ya vyombo iligonga meza.

Hakugeuka. Alimaliza majina yaliyobaki, akayasoma tena akianzia mwisho. Laioneli: kimya. Saimoni: kidole. Akaandika saa, akamtaka nesi aliyekuwa kitanda cha pili aweke saini kama shahidi. Ndipo akamgeukia Patience.

"Daktari, twende nje kidogo."

Varandani Patience alivua glavu polepole, akazikunja moja ndani ya nyingine.

"Akina Simon iko wengi, Afande. Midia peke yake unaweza kupata ishirini."

"Wenye kujua mambo ya maziwa ni wangapi?"

Patience alitazama uani, ambako wanawake walikuwa wakianika nguo za wagonjwa wao.

"Mmoja," alisema. "Alikuwa msaidizi kwa idara yetu miaka sita. Anaosha vyombo, ananishikia taa, anakoroga dawa ya kuziba. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wa wanafunzi wangu. Mwaka juzi koleo tatu za kung'oa zilipotea, akafukuzwa. Nilisikia anatoa watu meno huko Midia, nyuma ya mashine ya kusaga."

"Kwa nini hukusema Jumatatu?"

"Nyinyi mlikuwa na mutu tayari."

"Hilo siyo jibu."

"Nilipoona maziwa na kitambaa, nilijua ni mkono wake." Patience hakukwepa macho sasa. "Nikajiambia, mutu ameokoa meno siyo mutu ameyang'oa. Nilitaka iwe hivyo."

"Ezati na huyo Simon iko na neno gani?"

"Mke wake, Betty. Mwezi jana walileta hapa mwili. Gego la chini lilikuwa limetolewa, tundu chafu, shingo imejaa usaha kutoka sikio hadi sikio. Niliuliza nani aling'oa. Ezati alisema ni mutu wa soko, jina hajui, siku ile yeye alikuwa shambani."

Driwaru aliyaandika yote, na pembeni akaweka alama ya kuuliza mbele ya jina la Patience. Mtu aliyenyamaza siku tatu huku mtu mwingine akiwa mahabusu alikuwa na haki ya alama hiyo. Alichukua namba yake ya simu, akaondoka.

*

Sunday, dereva wa idara ya upelelezi, ambaye jina lake Driwaru alikuwa amelitumia kujazia orodha, alimfikisha Koboko saa tano na nusu. Nje ya kituo aliketi mwanamke na bakuli la chakula lililofunikwa. Alikuwa Sephora, mke wa Lionel. Driwaru alimwambia angoje hapo hapo, asiingie bado.

Lionel aliletwa bila viatu wala mkanda. Jicho moja lilikuwa limefungika; watu wa soko walimfikia kabla ya polisi.

"Mama Afande, miye sikumupiga mutu."

"Sijauliza hivyo. Jumatatu asubuhi uliuza maziwa?"

Lionel alimtazama kwa jicho lake zima.

"Niliuza."

"Kwa nani?"

"Kwa watu." Alilamba midomo. "Kwa docta wa meno, Saimoni. Alikuya mbio na pikipiki. Mikono yake ilikuwa na damu. Akasema mutu ameanguka na pikipiki, nipatie maziwa, upesi."

"Siku tatu umekaa hapa na neno hilo. Kwa nini hukulitoa?"

"Nani aliniuliza? Waliniuliza tu: ulimupiga na nini? Na Mukongomani akisema ameona damu, wanasema ni yeye aliimwaga."

Driwaru hakutikisa kichwa wala hakumfariji. Mtu aliyefungwa siku tatu anaweza kutunga jina zuri, hasa kama mkewe humletea habari pamoja na chakula. Alimwacha na askari, akatoka nje kwa Sephora, akasimama kati yake na mlango.

"Jumatatu ulikuwa kibandani?"

"Nilikuwa, Mama."

"Nani alinunua maziwa?"

"Wengi. Ya haraka ilikuwa moja tu. Saimoni wa meno. Alipasua kona ya pakiti na meno yake pale pale, akamwaga kidogo chini, akaingiza kitu ndani. Sikuona ni nini. Akashika kona na vidole, akaenda na mkono moja kwa pikipiki."

Lionel hakuwa amesema habari ya kona. Driwaru alirudi ndani kumuuliza.

"Pakiti aliifungua na nini?"

"Na meno," Lionel alisema. "Nilimwambia makasi iko, hakusikia."

Driwaru aliongea na mkuu wa kituo kwa dakika mbili, kisha akarudi garini.

"Midia," alimwambia Sunday.

*

Mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma, na vumbi la muhogo limetanda hadi barabarani. Nyuma yake palikuwa na chumba kimoja cha matofali chenye pazia mlangoni. Driwaru alimwonyesha Sunday asimame upande wa dirisha, akalisogeza pazia.

Kwenye kiti cha plastiki, kilichogongomelewa ubao wa kuegemeza kichwa, aliketi mwanamke aliyejifunga leso, ameinama mbele, bakuli mapajani. Mate yalimchuruzika bila kukoma. Chini ya taya, pande zote mbili, alikuwa amevimba hadi shingo na kidevu vimekuwa kitu kimoja. Mbele yake alisimama mwanamume wa miaka thelathini na tano hivi, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, simu sikioni.

"Simon?"

Alishusha simu. Aliitazama kadi ya polisi mkononi mwa Driwaru, kisha akamtazama mwanamke kwenye kiti.

"Afande, huyu mama kwanza. Natafuta gari. Hakuna boda inakubali."

"Jumatatu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Ezati alikuja?"

"Angalia ulimi wake, Afande."

"Nimekuuliza Ezati."

"Ulimi umepanda juu. Hawezi kumeza mate yake. Jina lake Zulaika. Nilimtoa gego Jumamosi, amerudi leo hivi. Bado saa moja, mbili, pumzi itafunga."

Driwaru alizungusha macho chumbani. Sufuria juu ya jiko la mkaa, maji yanachemka, makoleo mawili ndani yake. Kando ya ukuta, stuli ya chuma, mguu mmoja umepinda kuelekea ndani. Stuli hiyo ilikuwa imeoshwa. Kila kitu kingine chumbani kilikuwa na vumbi la unga.

Alikuwa amewahi kuona watu wakiutumia ugonjwa wa mwingine kama mlango wa kutokea. Alitoa pingu, akamfunga Simon mikono mbele. Simon hakuivuta. Ndipo Driwaru akapiga namba aliyoichukua asubuhi.

"Daktari, mimi Driwaru. Mwanamke, amevimba chini ya taya."

"Upande moja ama mbili?" Sauti ya Patience ilibadilika mara moja.

"Mbili."

"Bonyeza. Iko laini ama ngumu?"

Driwaru aliweka vidole. Zulaika aligumia. "Ngumu kama ubao."

"Ulimi?"

"Umepanda."

"Peleka hospitali Koboko sasa hivi, mimi nawapigia wajitayarishe. Na Afande, asilale. Mukimlaza njiani atakufa. Akae, kichwa mbele, mutu amshike nyuma."

Sunday alimwingiza Zulaika kiti cha nyuma cha pikapu na kumtupia Driwaru ile stuli, naye akaifunga kwenye gunia na kuiweka mbele, miguuni pake. Barabara ya Midia ilikuwa ya mashimo. Shimo la kwanza Zulaika alianguka ubavuni, koo likatoa mluzi mwembamba. Simon, aliyeketi kando yake na pingu mikononi, alijaribu kumwinua kwa viwiko. Hakuweza.

"Simamisha," Driwaru alisema.

Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akazifungua pingu.

"Afande, atatoroka," Sunday alisema kwenye kioo.

"Endesha."

Alikaa mbele akiwa amegeuka nyuma, pingu mkononi. Simon alimkalisha Zulaika kati ya magoti yake, mkono mmoja kifuani pake, mwingine ukisukuma pembe za taya mbele. Ule mluzi ulipungua. Usaha na mate vilimtiririkia Simon hadi kwenye kiwiko. Karibu na mji ng'ombe walijaza barabara, gari likasimama kabisa. Mlango wa upande wa Simon haukuwa na kufuli. Yeye alijua, maana mlango ulikuwa ukigongagonga njia nzima. Pembeni palikuwa na migomba mizito. Driwaru alihesabu ng'ombe kumi na wanane wakipita. Mkono wa Simon ulisogea mara moja tu, kumfuta Zulaika puani.

*

Hospitalini walikuwa wanangojewa. Zulaika aliingizwa akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, mlango ukafungwa. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

Driwaru alimpigia mwendesha mashtaka akiwa amesimama kando ya mlango wa kutokea. Alimweleza kidole cha Ezati, maziwa, kona ya pakiti, stuli. Mwendesha mashtaka aliuliza kama ana maelezo ya Simon mwenyewe.

"Bado," Driwaru alisema. "Lakini usimpandishe Lionel kizimbani leo."

Alipogeuka, alitarajia kukuta benchi tupu. Simon alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, haijaoshwa. Driwaru akamfunga pingu tena, akakaa pembeni yake, akafungua daftari.

"Si lazima useme kitu. Ukisema, naandika, na itasomwa mahakamani. Umesikia?"

"Nimesikia."

Robo saa ikapita. Daktari kijana akatoka, barakoa shingoni, jasho usoni.

"Tumefungua shingo, usaha mingi imetoka. Anapumua mwenyewe. Tukishamtuliza tunampeleka Arua." Alimtazama Simon, akaziona pingu, akarudi ndani bila kuuliza.

Simon alipumua kwa nguvu.

"Ezati alikuja saa mbili," alisema. "Hakuja kupigana. Alikuja na koleo langu. Alilipata Jumapili chini ya kitanda cha mke wake. Akasema, sasa najua ni wewe; twende polisi, ukawape mwenyewe hii. Nikamwomba. Akanishika mkono, ananivuta nje. Nikachukua stuli."

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Moja. Alianguka, halafu nikaona meno mawili kwa udongo. Mikono ikaanza kufanya kazi. Nikamfunga taya, nikachukua pikipiki nikafuata maziwa. Nikampeleka hadi barabara, nikajificha kwa shamba ya muhogo mpaka lori likasimama."

"Na Jumanne ukasikia Lionel amefungwa."

"Nilisikia."

"Kibanda chake kikavunjwa, ukasikia. Ukafungua chumba, ukaendelea na kazi."

"Ndiyo."

Driwaru aliandika hilo neno moja kwenye mstari wake.

"Koleo lako lilifikaje chini ya kitanda cha Betty?"

Ndani, nyuma ya mlango, Zulaika alikohoa, na nesi akamwambia ateme, ateme tu.

"Siku tatu baada ya kumtoa gego, Betty alituma mutu. Nikaenda kwake. Alikuwa amevimba kama huyu. Nilitaka kuangalia tundu, akakataa kufungua mdomo, nikaweka koleo chini, nikalisahau pale. Alikuwa anakaa kwa ukingo ya kitanda, ameinama, ananiambia kwa mikono kwamba akilala pumzi inakata. Mimi nilimwambia ni uoga tu. Nikampa vidonge vya maumivu. Nikamwambia mama, unahitaji kulala. Nikamshika mabega, nikamlaza."

Kalamu ya Driwaru ilifika mwisho wa mstari. Akamsomea maelezo yote tangu mwanzo, polepole, kama sheria ilivyotaka, hadi sentensi ya mwisho.

"'Nikamshika mabega, nikamlaza.' Ni sawa?"

"Ongeza 'mimi mwenyewe'," Simon alisema.

Driwaru aliongeza maneno hayo mawili, akamlegezea pingu ya kulia, akampa kalamu.